Visiwa Havina Mto wa Mpaka: Mbona Habari za Nile na Pangani Zinatuhusu?

Ethiopia ilipozindua bwawa lake kubwa kwenye Nile ya Buluu, Septemba 2025, mabaraza yetu ya Zanzibar hayakukosa wataalamu. Darajani mmoja anasema Waethiopia wamefunga maji, sasa Ziwa Victoria litakauka. Chake Chake mwengine anasema Nile ni ya Misri, Mwingereza aliwaandikia tangu ukoloni na waraka upo. Wa tatu, ambaye huwa ndiye wa kumaliza mazungumzo, anauliza: sisi visiwani tuna mto gani wa kugombania na mtu? Waachiwe wenyewe.

Kauli zote tatu zina kasoro, ila si kasoro ya aina moja. Ya kwanza imekosea ramani, ya pili imekosea sheria. Ya tatu ndiyo nzito, maana hata watu waliosoma huisema, na jibu lake haliko Cairo wala Addis Ababa. Liko Pangani, ng'ambo ya mkondo wetu.

Kwanza tuelewane maneno. Bonde la mto, kwa maana ya wataalamu wa maji, ni ardhi yote ambayo mvua yake ikishanyesha hutiririka au hujipenyeza mpaka ikafika kwenye mto mmoja. Si bonde la mpunga peke yake. Milima, misitu, mashamba, viwanda na miji vyote vimo. Mpaka wa nchi ukipita ndani ya eneo hilo, basi hilo ni bonde la mpakani. Bonde la Nile lina nchi 11 ndani yake. Sisi vijito vyetu, kama Mwera kule Unguja, huanzia na kuishia kisiwani humu humu, kwa hiyo kwa maana hiyo finyu ni kweli hatuna mto wa kugawana na jirani.

Usimamizi wa pamoja ni nchi hizo kukaa na kukubaliana nani anatumia maji kwa kazi gani, msimu gani, na nani anamwambia nani kabla hajajenga kitu. Maendeleo endelevu, maneno yanayosikika katika kila ufunguzi wa semina, yalipata maana yake maarufu mwaka 1987 katika ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway: kukidhi mahitaji ya leo bila ya kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Ukiyapeleka maneno hayo mtoni yanakuwa mepesi. Mipango ipimwe kwa mwaka wa ukame, isipimwe kwa mwaka ambao masika yamemiminika.

Sasa chukua bomba kuu la mtaa wowote unaoujua. Maji yanakuja kwa zamu, pengine saa chache za usiku. Nyumba ya kwanza inafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba na kuvutia tangi lake juu ya dari. Mwenye nyumba hajaiba, bili analipa. Lakini nyumba ya sita kwenda chini mfereji unatoa upepo. Wa sita naye anunue pampu? Akinunua, na wa saba na wa nane wakafuata, bomba litavutwa na pampu kumi na mshindi atakuwa mwenye mota kubwa. Au watu wa mtaa wakae, wapange zamu, wachange tangi moja, na anayetaka kuchimba au kuunga kitu kipya aseme kwanza.

Sheria ya kimataifa ya mito, iliyoandikwa katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 na kuanza kufanya kazi Agosti 2014, kwa kiini chake inasema mambo kama hayo ya mtaani. Kila nchi ya bonde ina haki ya kutumia maji kwa kiasi cha haki na busara. Hakuna anayeruhusiwa kumletea mwenzake madhara makubwa. Na anayepanga mradi unaoweza kumgusa jirani atoe taarifa mapema, wakati mchoro bado unaweza kubadilishwa.

Mfano wa bomba unaishia hapo, na ni muhimu kujua unapoishia. Maji yaliyotumika nyumba ya kwanza hayarudi bombani. Mtoni mengine hurudi. Maji yanayozungusha mtambo wa umeme hutoka karibu yote upande wa pili, yakaendelea na safari. Yaliyomwagiwa mpunga mengi hupanda angani na hayamfikii wa chini. Yaliyopita kiwandani yanaweza kurudi yote, lakini yakiwa hayanyweki. Kwa hiyo kuuliza nchi fulani imechukua lita ngapi ni kuuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni: imeyatumia kwa nini, mwezi gani, na yamerudi yakoje? Magomvi mengi ya mito, nionavyo mimi, hudumu kwa sababu watu wanagombania hiyo nusu ya kwanza tu.

Nile kwa haraka

Nile ina matawi mawili makubwa. Nile Nyeupe inatoka Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda. Nile ya Buluu inatoka nyanda za juu za Ethiopia, upande wa Ziwa Tana. Yanakutana Khartoum. Bwawa la Ethiopia liko kwenye tawi la Buluu, karibu na mpaka wa Sudan, kwa hiyo ili lilikaushe Ziwa Victoria ingebidi maji yageuke Khartoum na kupanda kurudi Uganda. Ziwa Victoria lenyewe huishi kwa mvua: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa hilo hilo, na sehemu kubwa ya yanayotoka huondoka kwa mvuke. Anayeliogopea aangalie mawingu, na aangalie mabwawa ya Jinja.

Hofu ya Misri na Sudan ni jambo jengine, na haina utoto. Karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, hutoka Ethiopia. Bwawa jipya linaweza kushika mita za ujazo bilioni 74 na mitambo yake ni ya megawati 5,150. Likishajaa, bwawa la umeme halina faida ya kuyazuia maji milele, maana yasipopita hakuna umeme. Tatizo ni miaka ya ukame inayofuatana: wakati huo nani anaamua kiasi cha kuachia? Bwawa lilizinduliwa bila ya nchi hizo tatu kuwa na mkataba wa kulijibu swali hilo.

Na ule waraka wa Mwingereza? Upo. Mwaka 1929 Misri na Uingereza zilibadilishana barua, Uingereza ikijisemea kwa niaba ya Sudan na makoloni yake ya Afrika Mashariki, kwamba hakitajengwa kitu kwenye Nile na maziwa yake cha kuipunguzia Misri maji bila ya ridhaa yake. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan, kwa mwaka. Ethiopia, ambako maji mengi yanatoka, haikuulizwa. Tanganyika ilipopata uhuru haikukaa kimya. Julai 1962 ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba nchi huru hairithi mikataba ya mkoloni kama inavyorithi majengo yake. Kila mmoja hupitiwa upya, na usiokubaliwa hufa.

Kutoka hapo safari ilikuwa ndefu. Februari 1999, Dar es Salaam, ulizinduliwa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, wenye ofisi yake kuu Entebbe. Mwaka 2010 mkataba wa mashirikiano ukafunguliwa kutiwa saini, Tanzania ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Ulipoidhinishwa na nchi ya sita, Sudan Kusini, ukapata nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024. Hauna hata mstari mmoja unaosema nchi fulani ipewe mita kadhaa za ujazo. Unaweka kanuni na chombo cha kukaa pamoja. Misri na Sudan wamekataa kuingia, kwa hiyo hauwafungi, kama vile wa 1959 usivyotufunga sisi. Anayesema barazani kwamba Nile ni ya Misri anarudia msimamo wa Misri. Sheria inayokubaliwa na wote haipo bado.

Kwenye bonde hilo hilo kuna mradi ambao hausemwi sana, nao ndio unanipendeza zaidi. Maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera mpakani mwa Rwanda na Tanzania, yana mtambo wa megawati 80. Umeme unagawanywa sawa kwa tatu: Rwanda, Tanzania na Burundi. Hapo hakuna aliyehesabu lita. Walichogawana ni kile maji yalichozaa.

Pangani, jirani asiyetajwa

Tuje kwenye kauli ya tatu. Mto Pangani unalishwa na Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa unashuka na maji ya Meru na ya kusini mwa Kilimanjaro. Ruvu, usiochanganywa na ule wa kwenda Dar es Salaam, unatoka Ziwa Jipe. Inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kisha mto unateremka kupitia Korogwe na Hale hadi mji wa Pangani, unapoingia bahari ile ile tunayovua sisi.

Wengi huudhania kuwa mto wa Tanzania tupu. Bonde lake lina zaidi ya kilomita za mraba 40,000, na kweli kipande cha Kenya ni kidogo, upande wa Taveta. Lakini ni kidogo chenye neno. Mto Lumi unatoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, unapita Kenya, unamwaga Ziwa Jipe ambalo mpaka unalikata, na Ruvu ndio unaoyarudisha maji hayo Tanzania. Udongo ukimomonyoka juu, unajaa Jipe, magugu yanaota, ziwa linasinyaa. Mtu anaweza kusema basi Kenya ndio wakorofi. Udongo wa upande wa Upare nao unaingia humo humo. Na kuna mto Umba, unaokwenda kinyume: unaanzia Usambara, unavuka mpaka na kuingia baharini Vanga, Kenya. Kwa Lumi, Tanzania inasubiri maji kutoka Kenya. Kwa Umba, Kenya inasubiri kutoka Tanzania. Hali hiyo huwafanya watu wawe na adabu. Mwaka 2013 nchi hizo mbili zilitia saini hati ya makubaliano ya kusimamia kwa pamoja maziwa ya Chala na Jipe na mto Umba.

Ndani ya bonde wanaoyataka maji ni wengi. Wachagga wana mifongo, ile mifereji ya kienyeji inayoteremsha maji mashambani, tangu kabla ya ukoloni. Kuna miwa ya Arusha Chini, mpunga wa Moshi ya chini, mashamba ya maua, miji ya Arusha na Moshi inayokua kila leo. Kisha ipo mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Maporomoko ya Pangani 68. Ugomvi mkubwa wa bonde hili kwa miaka mingi haukuwa wa Kenya na Tanzania. Ulikuwa wa wakulima wa juu na wazalishaji umeme wa chini, raia wa nchi moja. Anayedhani mpaka wa nchi ndio unaoleta magomvi ya maji aende akaulize Moshi.

Mitambo ya Hale na Pangani inaingiza umeme upande wa Tanga. Na ni kutoka Tanga ndiko ulikopita waya wa chini ya bahari uliofika Pemba mwaka 2010, kwa msaada mkubwa wa Norway, kisiwa kikaacha kutegemea majenereta ya dizeli. Hapo ndipo Mpemba alipoingia kwenye bonde la Pangani bila ya kuhama kwao.

Nisizidishe chumvi. Umeme ukishaingia gridi ya taifa haujulikani tena umetoka mto gani. Leo mtambo mkubwa nchini ni ule wa Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, na Rufiji si mto wa mpaka. Bonde lake lote limo Tanzania. Hata wale wa zamani wanaosema umeme umekatika kwa sababu Mtera maji yamekwisha, wanazungumzia bonde hilo hilo la Rufiji. Pangani ni ndogo mbele yake. Ila ukiwa mwishoni mwa waya, mitambo iliyo karibu nawe husaidia umeme ufike ukiwa na nguvu inayostahiki, usiwe wa kuwasha taa na kushindwa kuzungusha mota.

Na mota ndiyo hoja yenyewe. Maji yetu ya mfereji, Unguja na Pemba, kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka ardhini kwa pampu za umeme. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanakumbuka: waya wa baharini uliharibika, miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, na mifereji ikakauka wakati chini ya ardhi maji yapo. Mvua ya bara inazungusha mtambo, mtambo unaleta umeme, umeme unapandisha maji yetu wenyewe. Anayekata msitu Kilimanjaro na anayepanga ndoo Wete wameunganishwa na nyaya, hata kama hawajawahi kuonana.

Nimetaja msitu kwa makusudi. Wengi wanaamini mito ya Kilimanjaro inaishi kwa theluji ya kileleni, kwa hiyo theluji ikiisha mito imekufa. Barafu ile inayeyuka kweli, lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo mno. Kinacholisha mito ni mvua na ukungu unaonaswa na ukanda wa msitu katikati ya mlima.

Maji yanayofika baharini hayajapotea

Kuna usemi unaopendwa hata na baadhi ya wakubwa: maji yakiachwa yaende baharini ni hasara. Watu wa pwani tulipaswa kuwa wa mwanzo kuukataa. Mto unapofika mdomoni ukiwa na nguvu, unaisukuma bahari nyuma. Ukidhoofika, bahari inapanda. Pangani imeonja hilo: maji ya chumvi yameingia mtoni na kuharibu ardhi ya kulima kandokando yake. Mikoko ya mdomoni, ambamo kamba na samaki wadogo hukulia, inahitaji mchanganyiko wa maji matamu na ya chumvi, pamoja na tope linaloletwa na mto. Samaki hao wakikua hawasomi ramani kujua upi ni mkondo wa Pemba na upi ni ufukwe wa Tanga.

Ndiyo maana sheria ya rasilimali za maji ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 imeweka mpangilio: kwanza maji ya watu kwa matumizi ya nyumbani, kisha maji ya mto wenyewe ili ubaki hai, halafu wengine wote, kilimo, viwanda, umeme, kwa vibali. Kuandika hivyo ni rahisi. Kumwambia mkulima mwezi wa Januari kwamba maji yale pale mbele yake ni ya mikoko ya Pangani ni kazi nyengine, na sijaona bado aliyeifanya bila ya kelele.

Chini ya miguu yetu

Baki moja. Husemwa sana kwamba maji ya visima vyetu yanatoka bara kwa mto wa chini ya bahari, na kwa hiyo hayaishi. Mkondo wa Pemba una kina cha kufikia mita 800 hivi. Mto wa maji matamu wa kupita chini ya hapo na kuibukia kisimani kwa mtu si jambo la kutegemea. Tunachokunywa ni mvua ya masika na vuli iliyonyesha hapa hapa, ikajipenyeza na kuelea juu ya maji mazito ya chumvi yaliyo chini yake. Ukivuta kupita mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Kisima cha hoteli na kisima cha kijiji cha jirani mara nyingi vinanyonya tabaka moja, na mwenye pampu kubwa ndiye anayeamua, kama kule mtaani.

Ziwa Chala linaonesha kwamba hata nchi hugawana maji yasiyoonekana. Liko ndani ya shimo la volkano, mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati yake, na kwa sehemu kubwa linalishwa na kupunguzwa na maji yanayopita chini ya ardhi.

Anauliza basi mtu: Mzanzibari anaingilia wapi katika haya yote? Maji hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2006 iliyounda ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, na Bara wana yao. Lakini mambo ya nje ni ya Muungano, na Tanzania iliuridhia mkataba wa Nile mwaka 2015 kwa niaba yetu sote. Mbunge wa Konde au wa Makunduchi ana haki sawa na wa Mwanza ya kuuliza waziri Misri imejibu nini. Pangani ni ngumu zaidi. Bodi ya bonde iko Moshi, inashughulika na wenye vibali vya maji, na sisi hatuna kibali kwa kuwa hatuchoti maji. Tunanunua umeme: ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, hununua kwa jumla kutoka TANESCO, kisha kwetu majumbani. Mtumiaji wa namna hiyo, aliye mwisho wa waya na nje ya bonde, hayumo kwenye hesabu ya mkataba wowote nilioutaja hapa.